Ursula Burns na sifa za uongozi zilizompeleka kileleni mwa Xerox

JULAI 1, 2009, mhandisi Ursula Burns, aliyekuwa na umri wa miaka 50, alikabidhiwa uongozi wa kampuni ya Xerox ya Marekani, ambayo kwa miongo mingi jina lake lilikuwa na maana moja na mashine ya fotokopi.

Kwa kukabidhiwa huko akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa Ofisa Mtendaji Mkuu katika kampuni iliyomo kwenye orodha ya kampuni 500 kubwa za Marekani inayotolewa kila mwaka na jarida la Fortune. Orodha hiyo ilianza kuchapishwa mwaka 1955. Ilichukua miaka 54 kwa jambo hilo kutokea.

Ilikuwa pia mara ya kwanza katika kampuni za orodha hiyo kwa mwanamke kumwachia kiti mwanamke mwenzake, kwani Burns alimrithi Anne Mulcahy, aliyeiongoza Xerox tangu mwaka 2001.

Tangu wakati huo, kila linapoulizwa swali la sifa zinazomwezesha mwanamke Mweusi kuongoza kampuni kubwa, jina la Burns halikosi kutajwa. Majibu ya haraka huwa ni yale yale: ujasiri, bidii, uvumilivu na kujiamini.

Hata hivyo, historia ya mwanamke huyu inaonyesha kuwa sifa hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Kila moja ilikuwa na mahali ilipofunzwa, watu walioipa nafasi na gharama yake. Zaidi ya hapo, sifa iliyompandisha kuliko zote, ile ya kusema ukweli bila kuupamba, ndiyo ambayo katika ofisi nyingi ingetosha kumfukuzisha kazi.

Malezi ya Olga

Ursula Burns alizaliwa Septemba 20, 1958 katika Jiji la New York. Mama yake, Olga, alikuwa mhamiaji kutoka Panama aliyewalea watoto watatu peke yake katika Baruch Houses, majengo ya umma yaliyojengwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini katika eneo la Lower East Side, Manhattan.

Mtaa huo wakati huo ulijulikana kwa umaskini, dawa za kulevya na magenge ya vijana. Olga alitunza watoto wa majirani nyumbani kwake, akapiga pasi nguo za watu na kufanya usafi. Kwa mujibu wa Burns mwenyewe, kipato cha juu kabisa alichowahi kukipata mama yake kwa mwaka mzima kilikuwa Dola za Marekani 4,400. Wapo waganga waliowatibu watoto hao kwa malipo ya Olga kuwafanyia usafi.

Pamoja na hali hiyo, Olga alihakikisha wanawe wote wanasoma shule za Kikatoliki zinazolipiwa ada. Alikuwa na usemi aliourudia mara kwa mara kwamba mahali mtu alipo si kipimo cha utu wake. Usemi huo ndio ulioipa jina kumbukumbu ya maisha ya Burns iliyochapishwa mwaka 2021.

Mafunzo mengine ya mama huyo yalikuwa mepesi kutamka na mazito kutekeleza: mtu aache nyuma yake zaidi ya alivyochukua, na asihangaishwe na yale asiyoweza kuyabadili. Olga alifariki dunia kabla ya kumwona binti yake akifika kileleni.

Mlango uliofunguliwa

Katika shule ya wasichana ya Cathedral, wanafunzi walielezwa kuwa njia zilizo wazi kwao ni tatu: utawa, ualimu na uuguzi. Burns, ambaye alikuwa hodari wa hisabati, hakujiona katika hata moja ya njia hizo. Alichagua uhandisi. Alianza na uhandisi wa kemia, akagundua kuwa haumfai, akahamia uhandisi mitambo.

Mwaka 1980 alihitimu shahada ya kwanza katika Taasisi ya Polytechnic ya New York, iliyopo Brooklyn, ambayo siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha New York. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Hapa ndipo simulizi nyingi za mafanikio huruka hatua muhimu. Burns hakufika vyuoni kwa akili na bidii pekee. Masomo yake ya kwanza yalisaidiwa na mpango wa Jimbo la New York kwa wanafunzi kutoka familia zisizo na uwezo. Masomo ya uzamili yalisaidiwa na mpango wa Xerox wa kuwasomesha wahandisi wanaotoka katika jamii za wachache. Yeye mwenyewe amekuwa akiitaja misaada hiyo hadharani, na hajawahi kuona haya kuitaja.

Mpango wa Xerox nao ulikuwa na chimbuko lake. Kampuni hiyo ilikulia Rochester, mji wa kaskazini mwa Jimbo la New York ambako mwaka 1964 zilizuka ghasia kubwa kutokana na hasira za wakazi Weusi juu ya ubaguzi katika ajira, makazi na vitendo vya polisi. Baada ya ghasia hizo, uongozi wa Xerox chini ya Joseph Wilson ulianza kuajiri na kufundisha wafanyakazi Weusi. Katika miaka ya 1970, wafanyakazi hao waliunda vikundi vyao vya kusaidiana na kuibana kampuni itimize ahadi zake.

Kwa hiyo, Burns alipoingia Xerox mwaka 1980 kufanya mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ya kiangazi, na kuajiriwa rasmi mwaka 1981, alikuta njia ambayo wengine walikwishaanza kuifyeka.

Kusema ukweli mbele ya wakubwa

Sifa inayotajwa zaidi kuhusu Burns ni ulimi usiozunguka. Tukio lililobadili maisha yake ya kazi lilitokea mwaka 1989, katika mkutano wa wafanyakazi uliojadili mazingira ya kazi.

Mmoja wa waliohudhuria aliuliza iwapo jitihada za kuajiri watu wa rangi na jinsia mbalimbali hazishushi viwango vya kampuni. Wayland Hicks, mmoja wa wakuu wa Xerox aliyeendesha mkutano huo, alimjibu muulizaji kwa upole na kwa kirefu. Burns alisimama na kumweleza Hicks mbele ya watu wote kwamba alishangazwa na hatua yake ya kulipa swali hilo uzito wa kulijibu namna ile.

Wiki chache baadaye, Hicks alimwita ofisini. Burns aliamini anakwenda kukemewa, pengine kuachishwa kazi. Badala yake, mkuu huyo alimwambia kuwa alikuwa sahihi kwa hoja, ila alikosea kwa namna alivyoiwasilisha. Kisha akaanza kukutana naye mara kwa mara, na Januari 1990 akamteua kuwa msaidizi wake maalumu.

Mwaka 1991 alihamishiwa ofisi ya juu zaidi, kuwa msaidizi wa Paul Allaire, aliyekuwa mwenyekiti na mtendaji mkuu wa kampuni. Huko nako ulimi wake haukupumzika. Katika vikao vya wakuu, Allaire alikuwa akitangaza mara kwa mara kuwa ajira mpya zimesitishwa, wakati takwimu za kila mwezi zilionyesha watu wapatao 1,000 wameajiriwa. Burns, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kuandika, alinyoosha mkono na kuuliza ni nani basi mwenye uwezo wa kusema ajira zisitishwe na zikasitishwa kweli.

Swali hilo halikuwa la utovu wa nidhamu. Lilikuwa limegusa ugonjwa wenyewe wa kampuni: amri zilitolewa juu, zikapotea njiani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Xerox ya miaka ile ilikuwa na mengi ya kuficha.

Alipokuwa Mtendaji Mkuu, Burns aliligeuza jambo hilo kuwa sera. Mwaka 2010 aliwaeleza wafanyakazi wake kuwa heshima iliyopitiliza ilikuwa inaiua kampuni, kwani watu walikubaliana katika vikao na kupingana kwenye korido. Aliwataka waishi kama familia halisi, ambayo ndugu huambiana ukweli mezani na bado wakabaki ndugu.

Kujifunza kusikiliza

Ulimi mkali bila sikio ni kelele tu. Burns amekiri mara nyingi kuwa katika miaka yake ya mwanzo alikuwa mwepesi wa kukatiza wenzake na kutoa majibu kabla ya swali kukamilika.

Somo alilolipata kwa Hicks lilikuwa hilo: hoja iliyo sahihi inaweza kuuawa na namna ya kuisema. Nafasi ya msaidizi maalumu, ambayo mwanzoni aliidhania kuwa ya kubeba mafaili, ilimweka kwenye vikao ambavyo mhandisi wa ngazi yake asingeviingia. Huko alisikia namna maamuzi yanavyofikiwa, nani anamwogopa nani, na ni maneno gani husemwa baada ya kikao kufungwa.

Ushirikiano wake na Mulcahy ni ushahidi kuwa alifuzu. Mulcahy alitokea idara ya mauzo na rasilimali watu, na alisifika kwa uvumilivu na ustadi wa kuzungumza na watu. Burns alitokea maabara na viwandani. Wawili hao walifanya kazi bega kwa bega kwa takriban miaka tisa, wakibishana waziwazi, kila mmoja akifidia pungufu la mwenzake.

Kuijua kazi yenyewe

Sifa ya tatu haina mbwembwe: Burns aliijua bidhaa aliyokuwa akiiuza. Kwa karibu miaka kumi alifanya kazi za uhandisi na upangaji wa bidhaa kabla ya kuingia katika ofisi za wakubwa, na baada ya hapo alirudi kuongoza vitengo vya uzalishaji. Mwaka 1999 aliteuliwa kuwa makamu wa rais anayesimamia utengenezaji wa bidhaa duniani kote, na mwaka 2000 akapandishwa kuwa makamu mwandamizi wa rais wa kampuni.

Jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Katika kampuni nyingi kubwa, wanawake na watu Weusi wanaopandishwa hupelekwa kwenye idara za utumishi, uhusiano wa umma au misaada kwa jamii. Hizo ni kazi za heshima, lakini haziongozi faida wala hasara, na ni nadra bodi kumchagua mtendaji mkuu kutoka huko. Burns alikuwa upande wa viwanda na mapato. Alipoulizwa swali kuhusu gharama ya kutengeneza mashine moja, hakuhitaji kumwita mtu wa kumjibia.

Kukaa wakati wa dhiki

Mwaka 2000 Xerox ilikuwa katika hatari ya kufilisika. Madeni yalifikia takriban Dola bilioni 17, bei ya hisa iliporomoka na mamlaka ya dhamana na masoko ya mitaji ilikuwa ikichunguza hesabu zake. Mwaka 2002 kampuni ilikubali kulipa faini ya Dola milioni 10 kumaliza shauri hilo, bila kukiri wala kukana tuhuma.

Katika kipindi hicho Burns alikaribia kuondoka. Alikwishapata mahali pengine pa kwenda, na wakuu wa kampuni pamoja na wajumbe wa bodi walimsihi abaki. Mmoja wa watu waliomlea kikazi ni Vernon Jordan, mwanasheria na mwanaharakati maarufu wa haki za Wamarekani Weusi, ambaye alikuwa mjumbe wa bodi ya Xerox tangu miaka ya 1970.

Alibaki, na kazi aliyopewa haikuwa ya kupendeza. Ilibidi afunge njia za uzalishaji na kukabidhi sehemu kubwa ya utengenezaji kwa kampuni nyingine. Mwaka 2001 Xerox iliingia mkataba na Flextronics, kampuni iliyosajiliwa Singapore, ikaiuzia viwanda vyake kadhaa. Burns ndiye aliyekaa na viongozi wa chama cha wafanyakazi wa Rochester, akawaonyesha hesabu zilivyo na kuwaeleza kuwa ama baadhi ya kazi ziondoke, ama kampuni yote izame.

Kati ya mwaka 2000 na 2004 idadi ya wafanyakazi wa Xerox ilishuka kutoka zaidi ya 90,000 hadi chini ya 60,000. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu wa Rochester, majirani wa Burns mwenyewe. Kampuni ilipona, ikaweka nguvu katika mashine za rangi, na ikarudi kupata faida. Lakini hesabu ya uponaji huo haikamiliki bila kuwataja walioulipia kwa ajira zao, na ndiyo sababu wapo wanaosita kuuita ushindi.

Mwaka 2007 Burns aliteuliwa kuwa Rais wa kampuni na mjumbe wa bodi. Miaka miwili baadaye kiti cha juu kikawa chake, na Mei 2010 akawa pia Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi.

Kuthubutu, na kurudi nyuma

Hazikupita hata siku 100 tangu aingie ofisini, Burns alitangaza uamuzi mkubwa kuliko wowote katika historia ya Xerox. Septemba 28, 2009, kampuni ilieleza kuwa itainunua Affiliated Computer Services kwa Dola bilioni 6.4.

Kampuni hiyo haikutengeneza mashine. Kazi yake ilikuwa kushughulikia madai ya bima za afya, tozo za barabara, vituo vya simu za wateja na malipo kwa niaba ya serikali na kampuni nyingine. Hoja ya Burns ilikuwa wazi: dunia inachapisha karatasi chache zaidi kila mwaka, na kampuni inayoishi kwa karatasi itakufa nayo.

Soko halikushangilia. Bei ya hisa za Xerox ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10 siku ya tangazo. Manunuzi yalikamilika Februari 2010, na ghafla Burns akawa anaongoza watu wapatao 130,000, zaidi ya nusu yao wakiwa wageni katika utamaduni wa kampuni.

Matokeo yalikuwa mchanganyiko. Mapato yaliongezeka hadi kuzidi Dola bilioni 21 kwa mwaka, lakini faida katika huduma hizo haikuwa kama ilivyotarajiwa, na wanahisa wakaanza kunung'unika. Mwekezaji Carl Icahn alinunua hisa nyingi na kushinikiza mabadiliko. Januari 2016 Xerox ilitangaza kuwa itagawanywa katika kampuni mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2017 huduma zilitengwa na kuwa kampuni mpya iitwayo Conduent, na Burns akaondoka katika nafasi ya Mtendaji Mkuu.

Wanaomkosoa husema alitenganisha kile alichokiunganisha mwenyewe. Wanaomtetea husema aliikuta kampuni ambayo biashara yake mama ilikuwa inakufa, na kukaa bila kufanya lolote kungekuwa kosa kubwa zaidi. Pande zote mbili zinakubaliana jambo moja: hakung'ang'ania uamuzi wake ulipokataliwa na hesabu. Aliusimamia mgawanyo huo hadi mwisho, akijua kuwa unafuta sehemu kubwa ya alama aliyoiacha.

Ukuta wa zege

Swali lililobaki ni kama sifa hizo zinatosha. Watafiti wameonyesha kuwa kwa mwanamke Mweusi mizani haiko sawa.

Mwaka 2001, wasomi Ella Bell na Stella Nkomo walichapisha kitabu kilicholinganisha maisha ya mameneja wanawake Weusi na Weupe nchini Marekani. Kizuizi kinachowakabili wanawake Weupe kwa kawaida hufananishwa na dari la kioo. Kwa wanawake Weusi, waandishi hao walikiona kuwa ukuta wa zege. Tofauti ni kubwa. Aliye chini ya kioo humwona aliye juu na huonwa naye. Aliye nyuma ya zege haoni wala haonwi.

Mwaka 2012 zilitoka tafiti mbili zinazosaidia kumwelewa Burns. Katika ya kwanza, Robert Livingston, Ashleigh Rosette na Ella Washington walibaini kuwa kiongozi mwanamke Mweusi akizungumza kwa ukali na mamlaka, hahukumiwi vibaya kama anavyohukumiwa mwanamke Mweupe au mwanamume Mweusi anayefanya vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, ukali wa ulimi si lazima uwe kikwazo kwake.

Lakini katika utafiti wa pili, Rosette na Livingston waligundua upande wa pili wa sarafu. Kampuni inaposhindwa, kiongozi mwanamke Mweusi hulaumiwa zaidi kuliko mwanamke Mweupe au mwanamume Mweusi aliyeshindwa vilevile. Anaruhusiwa kuwa mkali, ila haruhusiwi kukosea.

Matokeo hayo yanaupa uzito mpya uamuzi wa mwaka 2009. Mtendaji yeyote anayenunua kampuni kwa mabilioni hucheza bahati nasibu. Kwa Burns dau lilikuwa kubwa zaidi, kwani kila aliposimama hakuhesabiwa kuwa mtu mmoja.

Waliofuata

Baada ya kuondoka Xerox, Burns alikuwa Mwenyekiti wa kampuni ya mawasiliano ya Veon kuanzia mwaka 2017, na baadaye Mtendaji Mkuu wake hadi mwaka 2020. Tangu akiwa Xerox alitumia muda mwingi kuhimiza elimu ya sayansi na hisabati. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alimteua kuwa mmoja wa viongozi wa mpango wa kitaifa wa kuinua masomo hayo. Mwaka 2020, baada ya mauaji ya George Floyd, alishirikiana na wenzake kuanzisha umoja unaozitaka kampuni kuongeza watu Weusi katika bodi zao na kutangaza hadharani takwimu zao.

Hata hivyo, mlango alioupita haukubaki wazi. Alipoondoka, hapakuwa na mwanamke Mweusi mwingine aliyeongoza kampuni ya orodha ya Fortune. Mwaka 2019 Mary Winston aliiongoza Bed Bath & Beyond kwa muda tu. Ilikuwa hadi mwaka 2021 ndipo Rosalind Brewer alipokabidhiwa Walgreens Boots Alliance, na Thasunda Brown Duckett akakabidhiwa TIAA, taasisi kubwa ya akiba za uzeeni za walimu na watumishi wa vyuo. Brewer aliondoka Walgreens mwaka 2023.

Njia za wanawake hao zinafanana na ya Burns katika mambo ya msingi. Brewer ni mkemia aliyeanzia maabara za Kimberly-Clark, akapanda kupitia uzalishaji na biashara. Duckett alizaliwa Rochester, mji ule ule uliolea Xerox, na akakulia katika biashara ya benki. Alimrithi Roger Ferguson, na ikawa mara ya kwanza katika orodha hiyo kwa kiongozi Mweusi kumwachia kiti Mweusi mwenzake.

Wote waliijua kazi kabla ya kupewa vyeo, wote walikuwa upande wa mapato, na wote walikuwa na mtu wa juu aliyewafungulia chumba cha maamuzi. Mkono mmoja haulei mwana, na wala haulei kiongozi.

Hapo ndipo lilipo somo kwa kampuni zinazotafuta viongozi wa aina hii na kudai hawapatikani. Vijana wanaosema ukweli vikaoni wapo katika kila ofisi. Wanachokosa mara nyingi ni mkuu kama yule wa mwaka 1989, aliyekosolewa mbele ya watu na msichana wa ngazi ya chini, akakaa wiki chache akitafakari, kisha akamwita ofisini si kumfukuza bali kumfundisha. Bila uamuzi huo, sifa zote za Ursula Burns zingebaki kwenye jalada lake la nidhamu.